Chuma cha Kuvutia Tela Kwenye Gari la Saluni la Kifahari: Dalili na Sababu Zake

Kaskazi inaposhika na wenye boti ndogo wa Malindi na Watamu wakaanza kuzitoa uani, gereji yetu hupokea magari ambayo hayakuundwa kwa kazi ya ufukweni, yaani saluni za kifahari: Mercedes-Benz E-Class, BMW za mfululizo wa 5, Audi A6, Toyota Crown. Wenyewe hawana pikapu, wala hawaoni sababu ya kununua moja kwa ajili ya kuvuta boti mara mbili kwa mwezi. Chini ya bampa la nyuma wamefungiwa kile chuma cha kuvutia tela, "towbar" kwa Kiingereza, ambacho mafundi hukitamka "toba", na utani wa gerejini ni kwamba aliyekifunga ovyo ataileta toba yenyewe akifika kwenye matuta ya Gede. Malalamiko huwa mengi, lakini karibu yote hurudi kwenye mambo matatu: namba zisizosomwa kabla ya kununua, umeme uliounganishwa kana kwamba gari ni la mwaka 1985, na chumvi. Chuma chenyewe, kikiwa kimetengenezwa kwa gari hilo hasa, ndicho kinacholaumiwa sana na kukosea kidogo.

Kabla ya kushika spana, tenganisha viungo viwili. Tela huungana na gari kwa umeme na huungana nalo kwa chuma, na kila kiungo hupimwa peke yake. Lisimamishe tela nyuma ya gari bila kulipandisha juu ya tufe (ile gololi kubwa iliyo mwisho wa chuma cha kuvutia), chomeka plagi, uwashe taa zote moja baada ya nyingine; kisha chomoa plagi, pandisha tela, usogeze gari mbele na nyuma hapo hapo uani. Dalili inayoonekana kwenye jaribio la kwanza ni ya umeme, inayoonekana kwenye la pili ni ya chuma au ya uzito, na ile inayobaki hata tela likiwa mbali kabisa ni ya gari. Jaribio hili huchukua dakika kumi, na limenizuia mara nyingi kuvua bampa bure.

Taa za tela zinafifia, zinachanganyikana, au indiketa inapiga haraka

Soketi tunayoiona zaidi hapa ni ile ya Ulaya yenye pini saba. Mpangilio wake ni huu: pini ya 1, waya wa njano, ni indiketa ya kushoto, ya 2, buluu, ni taa ya ukungu, ya 3, nyeupe, ni eathi, ya 4, kijani, ni indiketa ya kulia, ya 5, kahawia, ni taa ndogo ya kulia, ya 6, nyekundu, ni breki, ya 7, nyeusi, ni taa ndogo ya kushoto. Usiamini rangi kabla ya kupima kwa mita, kwa sababu fundi aliyetangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao mfukoni.

Ukikanyaga breki na indiketa za tela zikawaka kwa ufifi, au taa ndogo zikawa zinazima na kuwaka kwa kufuata indiketa, nenda moja kwa moja kwenye pini ya 3. Umeme uliokosa njia ya kurudi kupitia eathi hujitafutia njia kupitia balbu za jirani, ndiyo maana taa huonekana kama zimerogwa. Mzee mmoja aliniletea E-Class yake yenye dalili hiyo hiyo, akiwa amelishuku gari tangu alipoondoka Mayungu. "Mwanangu, nitazamie gari tu, tela ni jipya," alisema. Nilifungua plagi mbele yake: pini ya 3 ilikuwa imevaa unga wa kijani, na nilipouvuta waya wake kidogo kwa vidole ulikatika kama ukuti mkavu, huku shaba ya ndani ikiwa imegeuka nyeusi karibu shibiri nzima. "Tela ni jipya, mzee, lakini limekunywa maji ya chumvi," nilimjibu. Alikuwa akilishusha tela baharini bila kuchomoa plagi, kwa hiyo taa zilizamishwa zikiwa na umeme ndani yake, na umeme ukikutana na maji ya chumvi huila shaba kwa kasi ambayo kutu ya kawaida haiifikii. Tiba yake si kusafisha pini peke yake. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, badilisha plagi, na uhakikishe eathi ya tela inapita kwenye waya wake hadi kwenye kila taa badala ya kutegemea fremu, kwa kuwa fremu iliyopakwa rangi na kushika kutu ni eathi ya kubahatisha. Baada ya hapo, plagi ichomolewe kila mara kabla tela halijagusa maji.

Tela likishapona na dashibodi ikaendelea kuonya kuhusu balbu, basi tatizo limehamia kwenye gari, na hapa ndipo saluni ya kifahari inapotofautiana na pikapu ya zamani. Kompyuta ya gari huichunguza kila balbu kwa kupima umeme inaoula, na katika magari mengi ya aina hii taa moja hufanya kazi mbili: huwaka kwa ufifi kama taa ndogo na kwa nguvu kama breki, kwa kukatiwa na kurudishiwa umeme mara nyingi ndani ya sekunde moja. Jicho halioni kukatika huko kwenye balbu ya gari. Fundi anapokwangua waya wa taa ya nyuma na kuunganisha wa tela juu yake, mambo mawili hutokea. Taa za tela, hasa zile za LED, huanza kutetemeka. Na kompyuta huona mzigo isioujua, ikaonya, ikazima taa hiyo, au siku ikiwa mbaya ikaungua sehemu inayoongoza taa. Nimeona mtu akilipa bei ya kompyuta ya taa kwa ajili ya kuokoa bei ya kisanduku kidogo cha umeme wa tela.

Kisanduku hicho ndicho tiba. Kipo kile cha jumla, ambacho huchukua ishara tu kutoka kwenye waya za taa na kuleta nguvu yenyewe kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake ya ampea 15 au 20; na kipo kile kilichotengenezwa kwa gari husika, ambacho huongea na kompyuta kupitia mtandao wake wa ndani. Kwa magari tunayoyazungumzia hapa mimi hushauri hiki cha pili, ingawa ni ghali zaidi na baada ya kukifunga ni lazima gari liingizwe kwenye kompyuta ya gereji ili lijue kwamba sasa lina kiungo cha tela. Gari lisipojulishwa, halitazima sensa za nyuma wakati wa rivasi, wala mfumo wa kutuliza tela linapoyumba, kwa magari yenye mfumo huo, hautaamka. Indiketa inayopiga haraka huku taa zote zikiwaka vizuri kwa kawaida ni taa za LED za tela zinazokula umeme mdogo kiasi kwamba gari linadhani balbu imeungua. Kuna visanduku vinavyozitambua taa hizo, na hilo huulizwa dukani kabla ya kununua.

Chuma kinacheza, bampa linatetemeka

Chini ya bampa la plastiki la saluni hizi kuna boriti ya kupokea ajali, na mara nyingi boriti hiyo ni ya aluminiamu. Imewekwa ili ikunjike gari likigongwa. Haikuwekwa ili ivutwe. Chuma kilichotengenezwa rasmi kwa gari hilo huja na boriti yake ya chuma inayochukua nafasi ya ile ya aluminiamu, na mikono yake huingia ndani ya chesisi, pande zote mbili, kwenye matundu ambayo mara nyingi kiwanda kilishayaacha tayari. Niliwahi kuvua bampa la saluni moja iliyokuwa ikigonga kila inapopita tuta, nikakuta mtu amechomelea tufe juu ya bamba la chuma, akalifunga bamba hilo kwa bolti nne kwenye boriti ya aluminiamu. Matundu ya bolti yalikuwa yamerefuka kama macho. Hakuna marekebisho ya kazi kama hiyo zaidi ya kuitoa yote, kwa maana chuma hakichomelewi kwenye aluminiamu, na boriti iliyokwisha kutobolewa haiaminiki tena hata kwa ajali. Siwadharau wachomeleaji wetu; tela lenyewe wanalitengeneza vizuri kuliko mengi yanayoletwa. Ila hiki si cha kuchomelewa.

Uteuzi sahihi huanza kwenye namba za gari. Kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, magari ya Ulaya yana kibandiko chenye mistari minne ya uzito: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa, wa pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na tela, na miwili ya mwisho ni ya ekseli. Toa wa kwanza kutoka kwa wa pili, utapata uzito wa tela ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Mstari wa pili ukiwa haupo, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta, na baadhi ya matoleo yenye injini za mbio yako hivyo hata kama ndugu zake wa kawaida huvuta. Magari mengi yaliyokuja kutoka soko la Japani hayana namba hiyo popote, na mwenye Crown anapaswa kuridhika na tela dogo lisilo na makuu, au kuazima gari jingine. Kwa tela lisilo na breki, kanuni za Ulaya haziruhusu zaidi ya kilo 750 hata kama gari lina nguvu kiasi gani.

Kisha soma kibandiko cha chuma chenyewe. Kilichopimwa kwa Kanuni ya 55 ya Umoja wa Mataifa kina herufi mbili za kuangalia: S ni uzito wa juu unaoruhusiwa kukandamiza tufe kutoka juu, kwa kilo, na D ni nguvu ya mvutano kwa kilonyutoni. D hupatikana kwa kuzidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa tela, vyote kwa tani, kugawanya kwa jumla yake, na kuzidisha kwa 9.81. Gari la tani 2.3 na tela la tani 1.8 huhitaji D ya takribani 9.9, chuma kilichoandikwa 8 hakifai kwa jozi hiyo, hata kama muuzaji ataapa. Na tafadhali, ile pete inayoskurubiwa kwenye tundu la bampa ni ya kuokolea gari lililokwama mchangani, haijawahi kuwa ya tela.

Wakati wa kufunga, bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu kwa kadiri iliyoandikwa kwenye karatasi ya chuma, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na hukazwa tena baada ya kilomita elfu moja hivi. Mimi hupiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye boriti. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na huhitaji kubahatisha. Tundu lolote lililotobolewa au rangi iliyokwanguliwa ipakwe rangi ya zinki na nta kabla bampa halijarudi, kwa kuwa upepo wetu hauhitaji hata mwezi mmoja kuingiza kutu humo.

Kishindo wakati wa kuondoka au kufunga breki

Kishindo kikali cha chuma kwa chuma, gari linapoondoka, ni nafasi kati ya tufe na kikombe cha tela kinachokaa juu yake. Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. La Marekani la inchi mbili lina milimita 50.8. Tofauti hiyo inaonekana ya mzaha mpaka kikombe cha inchi mbili kikae juu ya tufe la milimita 50 na kuanza kugonga, na siku moja kuruka. Kinyume chake, kikombe cha milimita 50 juu ya tufe la inchi mbili huwa hakishuki sawasawa au kikishuka hakitoki. Pima tufe kwa kalipa pande kadhaa: likiwa chini ya milimita 49 upande wowote limekwisha. Ikiwa kishindo ni kizito, cha kudunda, na huja wakati wa kufunga breki tu, na tela lina breki za kusukumwa, yaani zinazoshika tela linapolisukuma gari, basi damfa (kizuia mshtuko) iliyo ndani ya mkono wa tela imekufa. Sukuma kikombe kwa mkono kuingia ndani, na kikienda bila upinzani umepata jibu.

Mkia wa gari umekaa chini, au tela linayumba

Hizi ni dalili mbili za kosa moja kwa pande zake mbili, nazo hutibiwa kwa mizani. Chukua mfano wa boti ya faiba yenye kilo 600, injini ya kilo 110, lita 100 za petroli ambazo ni kama kilo 75, kasha la barafu na nanga kilo 80, na tela lenyewe kilo 300. Jumla ni 1,165, ingawa mwenyewe atakwambia boti ni ya mia sita. Uzito unaokaa juu ya tufe unapaswa kuwa kati ya asilimia 5 na 7 ya jumla hiyo, yaani kilo 58 hadi 82, bila kupita S ya chuma wala kikomo cha gari. Ili kuupima, weka mizani ya kupimia mwili chini ya kikombe, simamisha kipande cha mbao juu yake kwa urefu unaolingana na wa tufe, ushushe kikombe juu ya mbao, usome.

Uzito ukiwa mdogo, tela huanza kuyumba kushoto na kulia, na boti zenye injini nyuma zina tabia hiyo kwa sababu injini huinua pua ya tela. Nguzo ya winchi isogezwe mbele ili boti ikae mbele zaidi, na mafuta na barafu vihamishwe. Likianza kuyumba ukiwa barabarani, kwa mfano kwenye sehemu iliyonyooka baada ya daraja la Sabaki ambako upepo hupiga ubavuni, inua mguu kutoka kwenye mafuta taratibu na ushike usukani bila kuukata; breki ya ghafla hulipunguza gari mwendo huku tela likilisukuma kutoka nyuma na kutaka kulipita.

Uzito ukiwa mkubwa, mkia hukaa chini, taa za mbele humulika minazi, na usukani huwa mwepesi. Ila pima kwanza kimo: katikati ya tufe, gari likiwa limepakiwa, panapaswa kuwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini. Kimo kikiwa chini ya hapo wakati uzito wa tufe ni halali, springi zimechoka, au, kwa gari lenye springi za hewa nyuma, mfuko unavuja. Mfuko unaovuja hujitambulisha asubuhi: gari limelala upande mmoja, na pampu inalia kwa muda mrefu unapowasha.

Sindano ya joto inapanda, gia zinahangaika

Njia ya Malindi hadi Mombasa ni tambarare, hivyo joto likipanda hapo bila mlima wowote kuna ugonjwa uliokuwepo kabla ya tela: rejeta imeziba, feni imechoka. Baadhi ya magari yaliyoagizwa kiwandani pamoja na chuma cha tela yalipewa feni yenye nguvu zaidi, na lako likiwa limefungiwa hapa baadaye huenda halina. Gia ya otomatiki inayopanda na kushuka bila kutulia ishikiliwe kwa mkono kwenye gia ya chini kidogo. Kuhusu mafuta yake, usikubali hadithi kwamba ni ya maisha. ZF, wanaounda gia za BMW na Audi nyingi, wao wenyewe hushauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na gari la kuvuta lifuate ile namba ya chini.

Mambo madogo

Sensa zikilia bila tela kuwepo, shingo ya tufe (mkono unaolibeba) imeachwa mahali pake na sensa zinaiona. Mngurumo wa kutetemeka injini ikiwa inapumua tu ni ekzosi inayogusa boriti mpya. Rekebisha mpira unaoining'iniza, usikunje ekzosi. Betri ikifa usiku mmoja, tazama kama plagi ya tela iliachwa imechomekwa, kwani magari mengi hayalali vizuri yakiona tela. Gari likishalala, baada ya nusu saa hivi, halipaswi kula zaidi ya miliampea 50.

Shingo ya kuchomoka haingii, au haitoki

Wenye saluni za kifahari hupenda shingo inayochomoka, nami naikubali, ila hapa pwani ndiyo inayogoma mapema kuliko kitu kingine chochote. Mchanga huingia kwenye tundu, chumvi huugandisha mchanga, na vijigololi vya kufungia vikashindwa kutokeza. Ikigoma kutoka, usiigonge kwa nyundo; nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha, zungusha ufunguo na kitasa huku mwenzako akiitikisa shingo. Ikigoma kuingia, safisha tundu kwa maji baridi na brashi ya chupa, kausha, upake grisi kidogo. Shingo iliyoingia sawa hutoa mlio wa kufunga, na katika nyingi alama nyekundu hujificha na kuacha ya kijani. Alama nyekundu ikionekana hata uzi mmoja, tela lisipandishwe. Anayekwenda hadi Mokowe, ambako gari hubaki bara na boti huendelea kwa maji, akishaishusha boti na aichomoe shingo hapo hapo, aioshe kwa maji ya kunywa yaliyobaki, aizibe tundu kwa kofia yake, na kuiweka ndani ya buti ikiwa imefungwa kwa kitambaa.